Mdogo wangu katajwa mara 31, "upelelezi haujakamilika". Hivi magereza yetu yamejaa wahalifu au yamejaa wanaosubiri?

#1 Dada Pili
Wakuu salaam. Nimetoka mahakamani muda huu, nipo kituoni nasubiri gari, nisipoandika sasa nikifika nyumbani nitalia tu nilale.

Mdogo wangu ni bodaboda. Mwaka jana mwezi wa nne usiku alibeba abiria wawili mshikaki akawashusha njia panda akapewa elfu tatu yake akaondoka. Wale watu wakaenda na panga kwa wakala wa miamala, wakamkata mkono wakachukua pesa. Mtu mmoja alikuwa ameshika namba za pikipiki. Saa kumi na moja alfajiri dogo akafuatwa nyumbani, unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana. Tangu hapo kila baada ya siku 14 analetwa mahakamani kesi "kutajwa". Leo ilikuwa mara ya 31, nahesabu kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Mwendesha mashtaka anasimama, mheshimiwa upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine, hakimu anaandika, dogo anarudishwa chini. Haifiki dakika mbili.

Sisemi aachiwe, kama kakosa ahukumiwe. Nataka ASIKILIZWE. Anasema chumba alichomo karibu wote ni kama yeye, hawajahukumiwa. Sasa naomba kuelimishwa, tunaposema magereza yamejaa, yamejaa nani hasa? Na kwa nini?

#2 bodaboda_mstaarabu
Pole sana dada. Hii ya namba ya pikipiki ndo inatumaliza vijana, mimi usiku sibebi watu wawili tena hata wanipe elfu kumi. Sababu ni moja tu, polisi wanakamata kwanza ndo wanatafuta ushahidi baadae. Wakikosa hawawezi kusema tumekosa, wanasema bado.

#3 Kifaru wa Ilemela
Pole dada. Kujibu swali, uwezo wa magereza yetu yote ulikuwa watu 29,902 na kuna miaka yamebeba zaidi ya 35,000, karibu nusu mahabusu. JPM, yaani Magufuli, alijitahidi kupunguza, aliachia watu elfu tano kwa mkupuo mwaka 2017 pamoja na wale wanamuziki akina Babu Seya, lakini yalijaa tena. Kwa hiyo tatizo ni majengo, mengi ni ya mkoloni, watu tumeongezeka mara ngapi tangu uhuru? Wajenge mapya.

#4 Mama Sele
Ukijenga mapya yatajaa na hayo. Kikapu kikubwa hakimzuii mtu kuvua.

#5 Wakili wa kijiweni
Kifaru #3 umechanganya. Babu Seya na Papii Kocha walitoka 9 Desemba 2017, Dodoma. Ule msamaha wa watu 5,533 ulikuwa 9 Desemba 2019, uwanja wa CCM Kirumba, kwenu kabisa Mwanza.

Ila angalia kitu kimoja hapo. Msamaha wa rais ni kwa WAFUNGWA, watu ambao mahakama imeshawatia hatiani. Mahabusu hana hukumu, sasa asamehewe nini? Aliyethibitika kaiba anaweza kutoka siku ya Uhuru na anayesema sikuiba akabaki ndani. Nimeona mteja wangu ananiuliza kwa upole kabisa, wakili, nikikubali kosa ndo nitatoka haraka? Nilikosa cha kumjibu.

#6 Kifaru wa Ilemela
Asante kwa masahihisho mkuu. Nilikuwepo Kirumba siku hiyo halafu nakosea mwaka, uzee huo.

#7 Nimetoka Salama
Dada Pili mimi nilikaa mahabusu miaka miwili na miezi minne, kesi ikafutwa. Gereza silitaji, la mkoani.

Naandika ili ujue mdogo wako anaishije. Usiku mnalala ubavu, wote mmeangalia upande mmoja, magoti yako nyuma ya magoti ya mwenzio. Kati ya saa saba na saa nane nyapara anapiga kofi mbili, wote mnageuka kwa pamoja, kwa sababu peke yako huwezi kugeuka, hakuna nafasi. Ukienda kukojoa usiku ukirudi sehemu yako imefungwa kama maji, hakuna alama kwamba kulikuwa na mtu, unasimama mpaka kofi la kugeuka ndo unajichomeka. Wageni wanalala karibu na mtondoo, kwa wasiojua ile ndo ndoo ya haja. Mimi nilisogea kutoka kwenye mtondoo mpaka dirishani kwa miezi tisa, na siku niliyofika dirishani nilifurahi kama nimepata kiwanja. Nikikumbuka ile furaha mpaka leo inaniumiza.

Siku ya kutajwa mnaamshwa mapema, karandinga linakuja, mkifika mnawekwa chini pale selo ya mahakama mpaka jina lisomwe. Wengine jina lisiposomwa wanarudi hivyo hivyo. Unaona jua kidogo, unaona ndugu yako kwa mbali, basi.

Mpelekee sabuni ya mche, sio ya unga. Ya mche inakatwa vipande, anaweza kubadilishana na vitu vingine.

#8 Dada Pili
Kaka #7 asante kwa la sabuni. Nilikuwa napeleka ya unga miezi yote hii. Hakuwahi kuniambia.

#9 Duka la Kona
Nitaonekana mbaya lakini acha niseme. Mimi nimevamiwa mara mbili. Mara ya pili walimpiga mke wangu nondo ya bega, mkono wa kulia haupandi mpaka leo, kusuka nywele za mtoto hawezi. Aliyekamatwa alikuwa kijana wa mtaa wa pili, watu wakasema tumuonee huruma apate dhamana. Akipata dhamana anakuja kukaa wapi? Mtaa wa pili. Mashahidi ni nani? Sisi. Nyie mnaotaka unyang'anyi wa silaha uwe na dhamana mnalala milango ya geti. Kile kifungu cha kunyima dhamana kimewekwa kwa sababu.

Dada Pili sikusemi wewe. Hata mimi nilitaka kesi yangu iishe, ilichukua miaka mitatu na mimi ndo nilikuwa naumia kwenda na kurudi kutoa ushahidi, naambiwa hakimu kasafiri.

#10 bodaboda_mstaarabu
Mzee #9 pole kwa mama. Ila mwenye namba ya pikipiki na mwenye nondo si mtu mmoja.

#11 Duka la Kona
Ndo mahakama iamue haraka basi. Hapo tupo pamoja.

#12 Wakili wa kijiweni
Suala la dhamana lilishafika mahakamani wakuu. Kifungu maarufu cha 148(5), kwa namba tulizozizoea, kinaorodhesha makosa ambayo hakimu hana hata ruhusa ya kufikiria dhamana, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, dawa za kulevya, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kwa hiyo bado kipo.

Hoja yangu sio kwamba kila mtu apewe. Hoja ni kwamba hakimu anyime au atoe KWA KUMUANGALIA MTU. Sasa hivi anayemfungia mtu ni jina la kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka, na hati inaandikwa na upande mmoja. Ukiongeza neno "panga" tu au ukiongeza "utakatishaji" kwenye kesi ya kodi umemaliza mchezo. Erick Kabendera, mwandishi wa habari, alikamatwa Julai 2019 akakaa miezi saba na shtaka la utakatishaji lilikuwemo. Mama yake alifariki 31 Desemba, yeye Kabendera akiwa ndani, akaomba kwenda kuzika, mahakama ikakataa. Februari 2020 akatoka kwa makubaliano na kulipa mamilioni.

#13 Ustadh Kimya
Na masheikh wa Uamsho, wale wa Zanzibar, je? Walikamatwa kati ya 2012 na 2014, kesi ya ugaidi, wakatoka Juni 2021 DPP, mkurugenzi wa mashtaka, alipoifuta. Kesi haikusikilizwa ikaisha. Watoto walioachwa wananyonya wamewakuta wanajua kusoma.

#14 Mchambuzi_Huru
Mnazunguka. Tatizo la dada Pili ni kwamba kesi kubwa zinasubiri Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inakaa kwa vikao, na kikao kinataka bajeti. Hela hakuna, kikao hakuna, mtu anasubiri. Ni hela tu, wala hakuna mbaya wake.

#15 Wakili wa kijiweni
Hapana mkuu #14. Hiyo ni kesi ya MAUAJI na aina zake, hakimu anaitaja tu halafu inapanda Mahakama Kuu, na hapo kweli watu wanasota miaka. Unyang'anyi wa silaha unasikilizwa hapo hapo mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Kwa hiyo dogo hasubiri kikao wala jaji, anasubiri jalada litoke kwa mpelelezi. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kwamba kesi isifunguliwe mpaka upelelezi ukamilike, ila makosa makubwa yakaachwa nje ya katazo hilo. Na yeye kaangukia kwenye hayo makubwa.

#16 Mchambuzi_Huru
Sawa, nimekubali kwa hilo. Ila la bajeti sijaliacha.

#17 Mstaafu Magwanda
Habari za jioni. Nimefanya kazi Jeshi la Magereza miaka 31, nimestaafu, nalima. Kwa kawaida huwa nasoma tu.

Watu wakisikia magereza yamejaa wanatulaumu sisi. Naomba mwelewe jambo hili. Magereza hawakamati mtu, hawashtaki mtu, hawahukumu mtu. Analetwa na hati ya mahakama, afisa wa mapokezi anahesabu vichwa, anasaini. Nimewahi kupokea watu 40 jioni moja kwenye gereza ambalo tayari lilikuwa limezidi, na hakuna sheria inayonipa ruhusa ya kusema rudisheni. Maharage ni yale yale, sufuria ni lile lile, unaongeza maji.

Halafu siku ya mahakama, gari moja na mahakama tatu za njia tofauti. Gari likikosa mafuta kesi inaahirishwa kwa kuwa "mshtakiwa hakuletwa". Ukisikia hivyo mahakamani ujue mara nyingi ni dizeli.

2018 Hayati Magufuli aliagiza magereza yajilishe, wafungwa wafanye kazi. Agizo zuri, mashamba tunayo. Lakini mahabusu hana hukumu, huwezi kumpeleka shamba kama mfungwa. Kwa hiyo nusu ya walaji wako wamekaa ndani kutwa nzima hawana kazi, hawana fundi wa kuwafunza, wanaangaliana. Kijana wa miaka 19 anakaa hivyo miaka mitatu na majambazi wa kweli. Gereza zuri kama Karanga, wanashona viatu, mfungwa anatoka na ufundi. Mahabusu anatoka na nini?

#18 Nimetoka Salama
Afande #17 shikamoo. Umesema kweli. Mimi nilijifunza drafti.

#19 Mstaafu Magwanda
Marahaba kijana. Pole kwa yaliyokupata.

#20 Mtoto wa Kisauni
Sisi huku Kenya wala musitamani sana hiyo dhamana, yakhe. Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya bondi, hata wa mauaji, mpaka kuwe na sababu nzito. Raha sivyo? Sasa njoo gereza la Shimo la Tewa uone ni nani wamejaa. Kijana ashikwa na misokoto miwili, korti yampa bondi ya elfu hamsini taslimu, mamake auza mahamri. Hiyo elfu hamsini atoe wapi? Haki ipo kwa karatasi, yeye yu ndani, na tajiri alokula mamilioni atoka saa hiyo hiyo na wakili wake nyuma.

Sheria yenu yawafungia wote sawa, yetu yafungia maskini. Sijui ipi afadhali.

#21 Mama Sele
Hata huku zile zenye dhamana ni hivyo hivyo. Wadhamini wawili, barua ya mtendaji, kitambulisho cha NIDA, mmoja awe mtumishi wa serikali, ndugu zangu kijijini utampata wapi mtumishi wa kukudhamini? Mwalimu mmoja wa kijiji kizima kashadhamini watu sita.

Na wa faini mmewasahau. Mama kapika gongo, faini laki tatu au miezi sita, anaenda miezi sita. Akiwa na mtoto anayenyonya anaingia naye. Sheria ya huduma kwa jamii ipo tangu 2002, angefagia zahanati angelala kwake.

#22 Njia ya Tunduma
Nyie wote mmesahau Wahabeshi. Sisi wa barabara kuu tunawajua. Vijana wa Ethiopia wanapita kwenda Afrika Kusini, wanakamatwa kwenye malori wamepangwa kama magunia, wanafungwa kwa kuingia bila kibali, wakimaliza kifungo hakuna nauli ya kuwarudisha kwao basi wanabaki gerezani. Hawajui Kiswahili, wanajifunza humo humo. Januari 2021 rais wao Sahle-Work Zewde alipokuja Chato, Magufuli akatangaza kuwaachia 1,789. Watu 1,789! Hayo ni magereza mangapi yamejazwa na watu waliokuwa wanapita tu?

#23 Kifaru wa Ilemela
Hiyo namba ya #22 ni kweli, nakumbuka. Kwa hiyo dada Pili jibu la swali lako naona linazidi kuwa refu.

#24 Mnyalu_Minnesota
Habari za nyumbani. Huku Marekani ndio baba wa hii kitu, ndani wako karibu watu milioni mbili. Jela za kaunti zimejaa hao hao wanaosubiri kesi na hawana hela ya dhamana. Kulikuwa na mtoto wa New York anaitwa Kalief Browder, 2010 ana miaka 16 akashikwa eti kaiba begi la mgongoni. Dhamana dola 3,000, nyumbani hawakuwa nayo. Akakaa jela ya Rikers miaka mitatu, muda mwingi kwenye chumba cha peke yake. Walimpa ofa akubali kosa atoke akakataa, akasema sikuiba. 2013 kesi ikafutwa. 2015 akajiua akiwa nyumbani kwao.

Nikisoma #5 yule mteja anauliza "nikikubali ndo nitatoka?" nimemkumbuka huyo mtoto.

#25 Mchambuzi_Huru
Na sisi hii kitu ya kukiri na kupunguziwa tuliingiza 2019. Septemba ile rais alitoa siku saba kwa wa uhujumu uchumi, DPP akaja na orodha ya 467 waliokuwa tayari kurudisha Sh107.8 bilioni. Hazina ilipata hela zake na mahabusu ikapungua. Kwa nini tusiipongeze?

#26 Nimetoka Salama
Mkuu #25 mtu aliyelala karibu na mtondoo miaka miwili ukimwambia saini utoke, anasaini hata kwamba alimuua Sokoine. Humo wapo waliokula kweli. Lakini utawajuaje na wasiokula wakati wote wamesaini?

#27 Mchambuzi_Huru
Hapo sina jibu.

#28 Shaba ya Katanga
Jambo kwenu wote, miye niko Lubumbashi, munisamehe Kiswahili chetu. Mnasema 35,000 mu nafasi ya 29,902 ni kujaa? Gereza ya Makala ya Kinshasa Wabelgiji walijenga kwa ajili ya watu 1,500. Ile usiku ya 2 Septemba 2024 watu walitaka kutoka, walikuwa humo zaidi ya 12,000. Walikufa wasiopungua 129, wengi walikanyagana na kukosa hewa. Chakula ni vungure, mahindi na maharagi, na kama ndugu hawakuleti kitu unalala njaa. Wengi hawajaona hakimu hata siku moja. Si mwezi, ni miaka.

Huyu dada anaona ndugu yake kila siku 14. Kwetu kuna mama anatafuta tu jina la mtoto iko mu gereza gani.

#29 Dada Pili
Mungu wangu. Pole zao hao kina mama.

#30 Duka la Kona
Nimesoma wote. Swali kwa wakili, hivi sheria haimlazimishi mpelelezi kumaliza kwa muda? Maana hata mimi kama mlalamikaji naumia, kesi ikifutwa kwa kukosa ushahidi yule aliyempiga mke wangu anarudi mtaani anacheka.

#31 Wakili wa kijiweni
Swali zuri mzee. Kwa kesi nyingi kuna ukomo wa siku 60, halafu unaongezwa kwa hati maalum, unaweza kufika miezi 24. Shida ni kinachofuata. Hakimu akichoka akamwachia, hajamfutia kosa. Mtu anatoka kizimbani, anavaa viatu, anakamatwa mlangoni kwa kosa lile lile, namba ya kesi mpya, siku zinaanza kuhesabiwa upya kuanzia moja. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande iliundwa 2023, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huo. Kazi wameifanya. Sisi tunaoshinda mahakamani tunangoja kuiona ikishuka mpaka kwenye zile selo za chini.

Dada Pili fanya hivi. Aandike barua kwa DPP kupitia kwa mkuu wa gereza, mkuu wa gereza analazimika kuipeleka. Aweke tarehe ZOTE 31, usiseme "muda mrefu", weka tarehe. Na omba msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017, uliza kama gerezani kwao kuna dawati. Hailipiwi.

#32 Mstaafu Magwanda
Nathibitisha la barua. Itasajiliwa kwenye kitabu. Mwambie aulize namba ya usajili na aikariri, karatasi hupotea, namba haipotei.

#33 bodaboda_mstaarabu
Na ile pikipiki ilikuwa ya mkataba au yake?

#34 Dada Pili
Mkataba. Ipo kituoni imeota majani, nimeiona kwa macho, mchicha umepita kati ya rimu. Bosi wake ananidai mimi.

#35 bodaboda_mstaarabu
Hiyo ni kesi nyingine kabisa, njoo pm dada, kijiweni kwetu tuna mfuko wa hivyo vitu.

#36 Mtoto wa Kisauni
Boda wa bara wana moyo wallahi.

#37 Dada Pili
Narudi wakuu baada ya wiki mbili. Jana ilikuwa mara ya 32. Barua ameandika, namba ya usajili ameikariri, alinitajia kwa vidole toka mbali kwa sababu kuongea haturuhusiwi. Sabuni ya mche nimepeleka mbili.

Mwendesha mashtaka alikuwa mpya. Alisimama akasema upelelezi haujakamilika. Hakimu akauliza, tangu lini? Ni mara ya kwanza nasikia hilo swali. Yule kijana akafungua faili, akafunua karatasi, akafunua, akasema mheshimiwa naomba nikaangalie. Wamepanga tarehe 19.

#38 Nimetoka Salama
Dada ukienda 19 angalia amevaa viatu au kandambili, ukiona kandambili mpelekee, sakafu ya humo ina fangasi.